Mashine ya Kima

Itangazwe kwa wakazi wote wa Ujiji, wa mitaa ya juu na wa ufukweni, wavuvi na wauza mawese, masheikh na makatekista, kwamba katika mwezi wa Desemba, mwaka ule ambao Wakongo walivuka ziwa kwa maelfu, zama za kukatakata nyama kwa kisu zilifika mwisho nyumbani kwa Bi Siwema binti Mrisho, na zama za umeme zikazaliwa. Majirani walialikwa kushuhudia. Meza ya jikoni ilitandikwa kitambaa cha maua. Bi Siwema alinawa hadi viwikoni, akasema bismillahi kwa sauti ya mtu anayezindua meli, akabonyeza swichi.

Umeme ukakatika.

Haukukatika jikoni tu, ulikatika Ujiji nzima na Kigoma mjini juu yake. Majirani wakasubiri kidogo kwa heshima, wakatafuna karanga, kisha wakaaga mmoja mmoja. Mashine ikabaki mezani, baridi, mdomo wazi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeshusha pumzi siku ile. Huyo alikuwa Honorata, mgeni wa nyumba, aliyekuwa amesimama mlangoni huku amembana binti yake mdogo kwa mikono miwili.

Honorata alitoka Baraka, ng'ambo ya ziwa. Vita ilipofika kwao, mumewe Feliksi alimpakia kwenye boti pamoja na mtoto, yeye akarudi nyuma kumchukua mama yake aliyekuwa hawezi kutembea. Neno la mwisho alilomwachia lilikuwa maelekezo: "Uende Ujiji kwa Siwema, mujane wa Hamadi, ule nilikuwa ninamuletea dagaa. Usitoke kwa ile nyumba mpaka mi nafika." Wenzake aliovuka nao walipelekwa kambini. Honorata alibaki kwa Bi Siwema, na kila asubuhi aliteremka ufukweni kuitazama milima ya kwao, siku ambazo mvua ilikubali ionekane. Hakuwa na anwani nyingine duniani. Akiitoka nyumba ile, Feliksi angemtafuta wapi? Kwenye mahema yale yote yanayofanana?

Binti yake aliitwa Yunisi, lakini baba yake alimpa jina la Kima, kwa sababu tangu alipojua kutambaa alikuwa akipanda kila kitu kilichosimama. Bi Siwema hakulipenda jina hilo. "Mtoto wa mtu kumwita mnyama!" alisema. "Yunisi ni jina zuri, mwite Yunisi." Yeye mwenyewe hakumwita Kima hata mara moja. Neno hilo kinywani mwake lilikuwa na kazi nyingine.

Wa nne katika nyumba ile alikuwa Nasri, mtoto wa kaka yake Bi Siwema, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Kumhusu huyu hakuna mengi ya kusema. Alikuwa mpole, msomi, mnyenyekevu, mwenye kufua soksi zake mwenyewe. Tuendelee.

Mashine ilinunuliwa Kigoma mjini kwa Thobias, Muha wa Kalinzi aliyekuwa akiuza vyombo vilivyokwisha kutumika. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na sambusa za Bi Siwema zilijulikana hadi Kidahwe. Mwaka uliotangulia alikatakata nyama kwa kisu mpaka bega likagoma, akafuturu kwa mkono wa kushoto mwezi mzima. Basi wakaenda watatu. Bi Siwema alikwenda kuchagua, Nasri kushauri kwa niaba ya elimu ya fizikia, na Honorata kubeba.

"Mwakeye, mama," Thobias aliwasalimu. "Nina mbili leo. Moja ya kisasa, moja ya kazi."

Ya kisasa ilikuwa nyeupe, ya plastiki, nyepesi kama kikapu. Nasri akaizunguka mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi wa shule, akatoa hotuba kuhusu wati na msuguano. "Shangazi, chukua hii. Tazama, ina vitufe vitano."

"Nasri, mimi nataka kusaga nyama. Sitaki kupiga simu."

Bi Siwema alifungua mkoba, akatoa kipande cha nyama ya muundi kilichofungwa kwenye gazeti, chenye mishipa myeupe ya kukera meno. Alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani kwa makusudi. "Washa," alimwambia Thobias.

Ile nyeupe ikaipokea nyama kwa kelele nyingi. Mshipa ukajizungusha kwenye kisu, mashine ikalia, ikanuka kama nywele zinazoungua. "Inatafuna kama babu yangu," Bi Siwema alisema. "Zima kabla haijafa."

Ya pili ilikuwa ya chuma kitupu, rangi ya maji ya ziwa siku ya mawingu, nzito kama kinu cha kutwangia. Thobias akaifungua yote kwa mkono. Lilikuwepo bakuli la juu la kutilia nyama na koo lake, chuma cha kujisokota kama parafujo kinachosukuma nyama mbele, kisu chenye ncha nne, na sahani za matundu, ya matundu makubwa na ya madogo. Hakukuwa na kona ambayo kidole chenye sabuni kisingefika. Swichi ilikuwa moja. Ukiishusha inabaki chini mpaka mtu aipandishe. Nyama ya muundi ikaingia kooni, na upande wa pili ikatoka nyuzi nyekundu laini, zikaning'inia, zikadondoka moja moja. Mashine haikulia. Ilinguruma chini chini, kama mtu anayekula peke yake.

"Hii," Bi Siwema alisema.

Honorata akauliza kwa sauti ndogo, "Ilikuwa ya nani?"

"Ya mzungu mmoja aliyekuwa akikaa kule mlimani," Thobias alijibu. "Alikaa peke yake. Siku moja akaondoka, hata kuaga hakuaga. Hii, mama, hata mfupa inasaga."

"Peke yake?" Honorata alisema. "Sasa alikuwa nasaga nini?"

Thobias akacheka, akaenda kutafuta kamba.

Honorata aliibeba kichwani mpaka stendi. Kila alipopiga hatua kitu kiligonga ndani ya mashine, ko, ko, kama kifundo cha kidole kinachobisha mlango. Ilikuwa sahani moja iliyolegea. Msomi wa fizikia, aliyekuwa akitembea nyuma yake, alijua hivyo, lakini hakuona haja ya kumkatiza mtu njiani.

Kwao Baraka watoto hukua wakionywa juu ya mutumbula. Watu wa Kigoma wana mumiani wao, ambaye inasemekana anataka damu. Mutumbula anataka nyama. Bibi yake Honorata alimweleza jinsi anavyokuja. Haji kwa ukali. Anakuja na maneno mazuri, anakukaribisha kwake, anampa mtoto mkate. Mtoto anakaa, ananenepa, anacheka. Halafu siku moja mtoto hayupo, na ndani ya nyumba kuna nyama. Honorata alikuwa amekimbia bunduki, na bunduki angalau zina mlio, unajua zinatokea upande gani. Jambo hili lilikuwa mezani jikoni, limefunikwa kanga.

Kila asubuhi Bi Siwema alimpa Yunisi mkate wenye siagi.

"Kula, mama, kula. Ulikuja mifupa mitupu. Sasa angalau pana shavu la kufinya." Akalifinya. Kisha, mkono ukiwa bado shavuni kwa mtoto, akaitazama mashine na kusema kwa mawazo, "Kima isiwe na mafuta mengi. Lakini ikikauka sana nayo haina ladha. Iwe katikati."

Kijiko cha Honorata kilisimama kwenye uji. "Mwasema nini, Mama Siwema?"

"Kima, mwanangu. Ijumaa, Mungu akipenda, kama umeme upo. Nitaipitisha mara mbili iwe laini kabisa, hata asiye na jino ale."

Honorata alimtazama mtoto wake. Alikuwa amenenepa, ni kweli. Hilo alikuwa akimshukuru Mungu kila usiku, na sasa hakujua amshukuru nani.

Mchana wa siku ile alimfuata Nasri kibarazani, alikokuwa ameketi na kitabu cha biolojia. Alimchagua yeye kwa sababu ndiye msomi wa nyumba, na kwa sababu mara nyingi jioni alimsimulia mambo ya kwao, ya Feliksi, ya bibi yake, hata ya mutumbula, naye Nasri alimsikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote.

"Nasri, weye umesoma. Hapa kwenu Ujiji, kima ni nini?"

Nasri aliinua macho kutoka kitabuni. Alifikiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma risala mbele ya mkuu wa mkoa.

"Kima ni kima, Mama Yunisi," alijibu. "Kwani kwenu hawasagi?"

Akarudi kwenye biolojia. Ilikuwa jibu fupi, la kisomi, lisilo na kosa hata moja la sarufi.

Kesho yake mvua kubwa ilitanda ziwani tangu adhuhuri. Milima ya Kongo ilifutika, kisha maji yakafutika, kisha boti zilizovutwa mchangani. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Bi Siwema alikwenda kwa jirani kusuka ukili, Kima alikuwa amelala, na Honorata alikuwa jikoni peke yake akichambua dagaa kwenye ungo. Hapakuwa na sauti ila matone ya kwanza juu ya bati.

Nyuma yake mashine ikaanza kunguruma.

Aligeuka. Kanga iliyoifunika ilikuwa inatetemeka, na polepole ilianza kuingia. Pembe yake moja ilikuwa imezama ndani ya koo, na mashine ilikuwa ikiivuta kidogo kidogo, bila haraka, kama mtoto anayenyonya. Honorata hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango, akasimama pale akitazama ua jekundu la kanga likipotea, na baada yake ua la pili. Kanga ilipokwama, mashine iliendelea kunung'unika mpaka Nasri alipotokea chumbani, akapandisha swichi, akaipapasa mashine begani kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Umeme umerudi," alisema. "Swichi ilikuwa chini."

"Nani aliweka chini?"

"Hapo ndipo sayansi inapoishia, Mama Yunisi."

Siku iliyofuata umeme haukuwepo hata kidogo. Honorata alihakikisha. Alibonyeza taa ya ukumbini, ya chumbani, ya kibarazani. Zote zimekufa. Mashine yenyewe Bi Siwema alikuwa ameifungua, akaiosha, akakipaka kisu mafuta ya kupikia kisipate kutu, akaichomoa kwenye plagi na kuzungusha waya wake shingoni mwake. Honorata aliingia jikoni kuchukua kibiriti. Aliingia kwa ubavu, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

"Kiii-ma."

Sauti haikutoka mlangoni wala dirishani. Ilitoka kwenye mashine. Ilikuwa ndefu, yenye mwangwi, ya mtu aliye ndani ya kitu chembamba.

"Kiii-ma. Njooo. Mkate upooo."

Honorata aliacha kibiriti. Alimchukua mtoto kitandani akiwa usingizini, akatoka naye mvuani, akasimama chini ya upenu wa msikiti mdogo wa ufukweni, yeye Mkristo, mpaka Bi Siwema alipokuja kumtafuta na mwavuli.

"Unataka kuniulia mtoto kwa baridi, Mama Yunisi? Una nini wewe?"

"Hapana kitu, mama."

"Macho yako yamekuwa kama ya samaki. Ni Feliksi? Atakuja, mwanangu. Njoo nyumbani ule."

Alitamka "ule" kwa upendo kabisa, na Honorata akamkaza mtoto kifuani.

Ifahamike kwamba wakati sauti ile inasikika Nasri alikuwa chumbani mwake anasoma. Hilo lina shahidi. Shahidi ni yeye mwenyewe.

Alhamisi Honorata alimfuata Anatoli, Mbembe mwenye boti ya injini ambaye wakati ule alikuwa bado akipita kisirisiri kati ya pande mbili. Alimkuta anaziba ufa kwa pamba na lami.

"Narudi kesho," Anatoli alisema. "Lakini, dada, Baraka hakuna kitu. Watu wanarudi, wengine hawafikake. Na bwana yako akivuka kuja huku, mutapishana kwa maji."

"Najua."

"Sasa unakimbia nini huku? Huku hakuna vita."

Honorata alitazama nyumba ya Bi Siwema, bati lake jekundu, moshi mwembamba wa jikoni ukipanda bila wasiwasi. Angemwambia nini mtu huyu? "Unibakishie nafasi," alisema. "Mi na mutoto."

Ijumaa kulikucha kweupe. Umeme ulikuwepo. Honorata alifunga vitu vyake vichache ndani ya kitenge akakiweka nyuma ya mlango, akamwacha Kima amelala, akateremka mbio kumwambia Anatoli asing'oe nanga kabla yake. Hakukaa. Alipokuwa akipanda kurudi, aliisikia mashine tangu njiani, ikinguruma chini chini, ikila peke yake. Kabla hajafika uani, ikanyamaza.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa bado na joto.

"Kima?" aliita. Akatazama chini ya kitanda. "Kima!"

Kibarazani hapakuwa na mtu. Kwenye mti wa mpera, ambako mtoto hupenda kupanda, hapakuwa na mtu. Alikimbilia jikoni. Bi Siwema alikuwa amesimama mezani, mikono myekundu hadi viwikoni, mwiko mkononi, amekwisha kupitisha kipande cha mkate kwenye mashine ili kitoe mabaki kooni. Chini yake bakuli kubwa lilikuwa limejaa nyuzi nyekundu, laini, zinazong'aa.

"Mama Siwema." Sauti ya Honorata haikuwa sauti yake. "Kima yangu iko wapi?"

"Kima yako?" Bi Siwema alisema bila kugeuka. "Nimekutengea fungu lako, hili hapa bakulini. Nimeisaga mapema, umeme usije ukakatika. Nimeipitisha mara mbili, kama nilivyosema. Laini, hata mfupa mmoja huukuti."

Honorata alipiga hatua moja kuliendea bakuli.

Na ndipo, ndani ya mashine, sauti ndogo ikasema:

"Mama."

Bi Siwema aliangusha mwiko.

"Mama, niko humu. Kuna giza."

Hii haikuwa sauti ya juzi. Hii ilikuwa sauti ya mtoto mwenyewe, kwa kithembe chake na mafua yake ya asubuhi. Bi Siwema alirudi nyuma mpaka kwenye gunia la mkaa, akaanza kusoma Ayatul Kursi huku mikono yake myekundu ikiwa imeinuliwa mbele ya uso. Nasri, aliyekuwa ametokea mlangoni kutazama, alibadilika rangi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na hotuba, kwa sababu yeye alikuwa hapa mlangoni na mashine ilikuwa inasema.

Honorata aliirukia mashine. Hakuichomoa, hakufikiri kuichomoa. Alizungusha pete ya mbele kwa nguvu ya mtu anayenyonga nyoka, akang'oa sahani, akatoa kisu, kikamkata kiganja naye asijue, akatia mkono na kuuvuta ule msokoto wote nje. Ndani hamkuwa na kitu ila utando wa nyama na tonge la mkate. "Kima! Mama iko hapa! Toka, mwanangu, toka!" Akaikumbatia mashine nzima na kuinyanyua mezani. Nyuma yake, kwenye tundu la ukutani ambamo zamani lilipita bomba la moshi, mpira wa maji wa kijani ulikuwa umechomoza, mdomo wake umezungushiwa kitambaa.

"Mama," mpira ukasema.

Honorata aliweka mashine chini. Aliushika ule mpira, akautazama, akatoka nje akiufuata kwa mkono, na Bi Siwema nyuma yake bado akisoma. Mpira ulitoka tunduni, ukapita nyuma ya choo, ukatambaa chini ya nyavu kuukuu, ukaingia ndani ya mtumbwi wa marehemu Hamadi uliopinduliwa uani. Honorata akainama. Ndani ya giza la mtumbwi alikuwa amekaa Kima, miguu imekunjwa, ncha ya mpira ikiwa mdomoni.

"Mama!" alisema kwa furaha. "Unanisikia kule? Kaka Nasri anasemaka hapa. Anasemaka, 'Kiiima.' Mi pia najua."

Bi Siwema aliacha kusoma katikati ya neno.

"Nasri," alisema.

Nasri alisema kwamba mtoto mdogo hukosea nyuso. Alisema mpira ule ungeweza kuwa umewekwa na mtu yeyote, kwamba katika nyumba nyingi za Ujiji mipira ya namna ile hupatikana. Alisema kwa utulivu, kwa hoja, akanyoosha hata kidole. Mpira wangu ulikuwa umepotea tangu juzi.

Nataka kusema mpira wake. Mpira wa Nasri.

Basi. Nimekwisha kamatwa na mdomo wangu mwenyewe, na Bi Siwema naye alikuwa amekwisha kunishika sikio. Nasri ni mimi. Swichi niliishusha mimi umeme ulipokuwa umekatika, na pembe ya kanga nilitia mimi. Sauti ilikuwa yangu, niliyoijaribu kwanza chini ya mtumbwi mtoto akinichungulia. Bwenini tulikuwa tukimtisha mlinzi kwa namna hiyohiyo.

Lakini sikio halikuwa tatizo. Honorata alikuwa amekwisha mtoa mtoto chini ya mtumbwi, akamfunga mgongoni, akaingia ndani na kutoka na kitenge chake kichwani. Damu ya kiganja ilikuwa inateremka mpaka kiwikoni. Ufukweni Anatoli alikuwa akipuliza filimbi kuita abiria.

"Unakwenda wapi?" Bi Siwema alishangaa. "Ni ujinga wa mtoto huyu tu! Nitamchapa mbele yako."

"Mupira ni muchezo," Honorata alisema. "Nimeelewa mupira. Lakini weye, Mama Siwema, kwa mudomo yako ulisema Ijumaa utasaga Kima. Ulimushika shavu. Ulisema isiwe na mafuta mingi."

Bi Siwema alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kima!" alisema. "Kima ya sambusa! Nyama ya ng'ombe! Toba, nyama iliyosagwa si ndiyo kima? Wewe ulidhani..." Hakumaliza. Alitazama mikono yake, akaificha nyuma.

"Kwetu kima ni ile mnyama ya mti, na ni mutoto yangu. Kwetu hakuna kima ya kusaga." Honorata hakuwa anapiga kelele. "Mi nilijuaka pengine naelewa mubaya. Kwa hiyo niliuliza. Nilimuuliza musomi. Musomi alinijibia."

Wote wawili wakanigeukia. Injini ya Anatoli iliwaka, ikakohoa, ikashika.

Hapo ningeweza kusema sikulielewa swali. Ningeweza kusema nilikuwa kwenye biolojia. Bi Siwema angeniamini, kwa sababu anataka kuniamini. Lakini Honorata asingeniamini, angeteremka na mtoto mpaka kwenye boti ile, na Feliksi angefika siku moja kwenye mlango huu kuniuliza mimi amekwenda wapi mkewe.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua tangu siku ile ya mkate kwamba shangazi anasema nyama, na wewe unasikia mtoto. Uliponiuliza nilijua unauliza nini. Nilikuwa na jibu mdomoni, nyama ya kusaga, maneno matatu tu. Sikukupa. Na ya mutumbula ulinisimulia wewe mwenyewe, kibarazani, kwa kuwa ulidhani nakusikiliza."

Boti ilikuwa imeanza kuondoka. Tuliusikia mlio wake ukigeuka, ukielekea kwenye maji makubwa, ukipungua. Honorata hakugeuza kichwa. Mkono wake ulikuwa juu kwenye kitenge, haujakishusha, haujakishika vizuri pia.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Ilichekesha."

"Ilichekesha nani?"

Nilitafuta jina lingine la kutaja. Shangazi alikuwa anafuta machozi kwa bega kwa sababu hakutaka kuyagusa kwa mikono ile. Kima alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake, anasubiri niseme.

"Mimi," nikasema. "Ilinichekesha mimi peke yangu."